Lisemwalo lipo? Miaka minane jina langu ni la mwizi mtandaoni

Karatasi_Kavu (mleta uzi) #1

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekuwa msomaji kimya humu kwa muda mrefu. Leo nafungua uzi kwa sababu wiki iliyopita binti yangu, yuko sekondari, alipewa kazi ya shule ya kuandika habari za mzazi wake. Akaandika jina langu Google. Jioni akaja kukaa kando yangu, simu mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Baba, hizo hela uliwarudishia?"

Acha niwaeleze ilikuwaje.

Miaka minane iliyopita nilikuwa mweka hazina wa chama cha watu tuliosoma pamoja. Michango inakwenda benki, na kutoa pesa kunahitaji saini tatu. Mmoja wa watia saini akafariki. Benki ikazuia akaunti mpaka tulete muhtasari wa kikao na watia saini wapya, shughuli iliyochukua karibu miezi minne. Ndani ya hiyo miezi minne, mwenzetu mmoja aliyekuwa anasubiri mkopo wake uvumilivu ukamwishia. Akaandika posti: picha yangu, majina yangu matatu, mahali ninapofanya kazi, na maneno "mwizi wa pesa za wenzake, msambazieni". Wakasambaza. Blogu moja ikaibeba kama ilivyo na kuweka jina langu lote kwenye kichwa cha habari.

Akaunti ilifunguliwa. Hesabu zikakaguliwa, hakuna senti iliyopungua. Kila mtu akapata chake, na yule bwana akapata mkopo wake. Akafuta alichoandika, kimyakimya, bila kusema neno. Blogu haikufuta.

Nilidhani yameisha. Na kelele zilikwisha kweli, hata wiki mbili hazikufika. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba waliosoma siku ile walishasahau zamani, lakini kila mtu mpya anayeingia kwenye maisha yangu anaanzia palepale. Mwajiri, mwenye nyumba, mzazi wa rafiki wa mwanangu. Kwao kashfa yangu ni ya leo asubuhi.

Mara tatu nimefika hatua ya mwisho ya usaili, nikaombwa vyeti halisi, kisha kimya. Hakuna aliyenieleza sababu. Labda sikuwa bora, sijui. Hapo ndipo penye mateso: kila nikikosa kitu siwezi kujua kama nimekikosa kwa haki au kwa sababu ya ule ukurasa. Ningeulizwa ningejibu, ripoti ya mkaguzi ninayo kwenye simu. Haulizi mtu.

Nimefanya makosa pia. Mwaka wa kwanza nilikwenda kwenye ile blogu nikakomenti mara kumi na nne kwa jina langu halisi. Nilikuwa natetea heshima yangu, kumbe naijazia ule ukurasa jina langu mara kumi na nne zaidi.

Siulizi namna ya kuzima moto, moto ulishazimika. Nauliza namna ya kufuta masizi. Mwenye uzoefu wa kuishi na kitu hiki miaka mingi aje.

Nawasilisha.

Chura_wa_Kisima #2

Naweka kambi.

Jiwe_Gizani #3

Mkuu pole, lakini wahenga hawakuwa wajinga: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mlikuwa viongozi wangapi? Kwa nini wewe na si katibu?

Karatasi_Kavu #4

Jiwe, swali lako halinikeri kama unavyodhani. Ndilo swali ambalo wale waajiri hawakuniuliza. Kwa nini mimi: kwa sababu risiti zote za michango zilikuwa na saini yangu. Mtu akiwaza pesa yake imekwama anamkumbuka aliyeipokea. Katibu aliandika mihutasari tu, nani anakumbuka sura ya mwandika mihutasari.

Mhariri_Mstaafu #5

Karatasi_Kavu, pole sana. Niliwahi kusimamia tovuti ya habari kwa miaka kadhaa, na barua za watu kama wewe nilizipokea kila wiki. Nikwambie ukweli usiopendeza: nyingi sikuzimaliza kusoma. Zilianza na vitisho vya mahakama, zikataka habari "ifutwe mara moja", na hazikuambatisha chochote. Barua ya namna hiyo mhariri anaipeleka kwa mwanasheria wake, na mwanasheria huwa na jibu moja: usiguse kitu, usijibu.

Zilizofanikiwa zilikuwa fupi. Sentensi fulani, imenakiliwa neno kwa neno, si kweli. Ukweli ni huu. Ushahidi huu hapa. Naomba mojawapo ya haya yafuatayo.

Kwenye hilo neno "mojawapo" ndipo penye kazi. Watu wanadhani kuna kufuta na kutofuta basi. Unaweza kuomba jina la ukoo litolewe na habari ibaki. Unaweza kuomba kichwa cha habari kibadilishwe, kwa sababu kichwa ndicho kinachosomwa kwenye matokeo na watu wengi hawabofyi kuingia ndani. Unaweza kuomba maelezo ya nyongeza yenye tarehe, na yawe juu kabisa, maana ya chini kabisa hayasomwi. Na unaweza kuomba ukurasa ubaki palepale ila mwenye tovuti aweke ndani ya msimbo wa ukurasa alama inayoiambia injini ya utafutaji isiuorodheshe. Ni mstari mmoja tu. Yeye anabaki na fahari yake kwamba hajafuta habari, wewe jina lako likitafutwa ukurasa huo hautokei. Mimi binafsi niliikubali hii mara nyingi kuliko kufuta. Kufuta kunamfanya mhariri aonekane alikosea. Alama haimwaibishi mbele ya mtu yeyote.

Usimwite mwongo kwenye barua, hata kama ni mwongo. Unaomba kitu kwa mtu ambaye halazimiki kukupa. Mwachie mlango wa kutokea bila aibu.

Jambo la pili ambalo wengi hulikosea: ukurasa ukishabadilishwa, matokeo ya Google yanaweza kuendelea kuonyesha maneno ya zamani hadi roboti yao ipite tena. Ipo fomu yao ya kuomba maudhui yaliyopitwa na wakati yasasishwe. Ni bure, na huhitaji kuwa mwenye tovuti. Lakini inafanya kazi pale tu ukurasa wenyewe umeshafutwa au kubadilika. Watu wanaijaza kwanza kabla ya kumwandikia mwenye tovuti, wanakataliwa, wanakuja kulalamika kwamba haifanyi kazi.

Na kabla ya kumwandikia mtu yeyote, hifadhi ushahidi. Skrinshoti ya ukurasa mzima, anwani ya ukurasa ionekane, tarehe ionekane. Kama ni akaunti ya mtandao wa kijamii nakili kiungo cha wasifu wake, maana jina la akaunti hubadilishwa kwa dakika moja. Mwombe na mtu mwingine aufungue kwa kifaa chake na ahifadhi nakala yake. Nimeona watu wakiandika barua kali usiku, asubuhi posti imefutwa, na wao hawana hata picha moja ya kuonyesha kwamba iliwahi kuwepo.

Mama_Masomo #6

> *Jiwe_Gizani: lisemwalo lipo, kama halipo laja.*

Huo msemo umeniumiza mimi kuliko hata waliyonizushia.

Nafundisha watoto masomo ya ziada. Mzazi mmoja tuliyegombana aliandika kwenye kundi moja kwamba nawapiga watoto. Kundi lilikuwa na watu mia na kidogo, na walioisoma na kuijali nadhani hawakufika ishirini. Mimi kwa uchungu nikatengeneza video ya dakika tisa, nikaeleza kila kitu nikilia, nikaiweka hadharani. Ndugu zangu, ile video ilisambaa kuliko hata shutuma yenyewe. Watu ambao hawakuwahi kunisikia wakawa wanaulizana: huyu ndiye yule mwalimu anayepiga watoto?

Baadaye mdogo wangu ndiye aliyenisimulia habari za Barbra Streisand, mwimbaji na mwigizaji wa Marekani. Mwaka 2003 alimshtaki mpiga picha akidai dola milioni 50 kwa sababu picha ya nyumba yake ilikuwa ndani ya mkusanyo wa picha 12,000 za mwambao wa California, zilizopigwa kuonyesha mmomonyoko. Kabla ya kesi ile picha ilikuwa imepakuliwa mara 6, na 2 kati ya hizo ni mawakili wake mwenyewe. Baada ya kesi kuvuma, ndani ya mwezi mmoja watu zaidi ya 420,000 waliitembelea tovuti ile. Kesi akashindwa, na gharama za upande wa pili akalipishwa.

Nilicheka, halafu nikalia tena.

Siku hizi nikiulizwa najibu aliyeuliza, pale alipoulizia. Sipandi jukwaani.

Wakili_Bila_Joho #7

Nimeona naitwa kwa mlango wa nyuma. Nitasema kwa ujumla tu, sheria za nchi hazifanani na huu si ushauri wa shauri la mtu.

La kwanza ni muda. Sheria nyingi za kashfa zinakupa muda mfupi sana wa kufungua shauri kuliko madai mengine. Uingereza, kwa mfano, ni mwaka mmoja. Watu wanakuja ofisini mwaka wa tatu, wana hasira ya haki kabisa, na mlango ulishafungwa.

Hapa kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1830 gazeti moja la London lilimwandika vibaya Duke wa Brunswick. Akanyamaza. Miaka 17 ikapita, muda wa kushtaki ulikuwa miaka 6. Akamtuma mtumishi wake ofisini kwa gazeti akanunue nakala ya toleo lile la zamani. Wakamuuzia. Duke akafungua shauri, na mwaka 1849 mahakama ikasema kumuuzia mtumishi nakala ile moja ni uchapishaji mpya, saa inaanza kuhesabu upya. Alishinda! Kanuni hiyo ilidumu Uingereza hadi Sheria ya Kashfa ya 2013. Fikirieni maana yake kwa intaneti: kila mtu anapofungua ukurasa ni mtumishi mwingine wa Duke. Bunge lao likaona magazeti yatashtakiwa milele, likaweka kwamba saa inaanza siku habari ilipotoka kwa umma mara ya kwanza, labda irudiwe kwa namna tofauti kabisa. Pia mlalamikaji lazima aonyeshe madhara makubwa, si kuudhika tu.

Kwa hiyo Karatasi_Kavu, kwa miaka minane, kushtaki kwa kashfa pengine kumekupita katika nchi nyingi. Uliza wakili wa kwako kabla ya kukata tamaa, lakini usiweke matumaini yako yote pale.

La pili, kampuni za mitandao. Nyingi ziko Marekani, na huko kifungu cha 230 cha sheria ya mwaka 1996 kinasema mwenye jukwaa hahesabiwi kuwa ndiye msemaji wa maneno ya mtumiaji wake. Ndiyo maana ukiwaandikia "huyu anasema uongo" wanakujibu kwamba wao si mahakama. Ripoti zenye nguvu kwao ni zile zinazogusa kanuni zao wenyewe: kujifanya mtu mwingine, kuweka hadharani anwani au namba ya simu ya mtu, vitisho, picha za faragha. Angalia posti yako ina nini kati ya hayo. "Ni uongo" iweke mwisho.

La tatu, usidanganyike na ushindi wa mbali. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Australia, katika shauri la Dow Jones (kampuni ya habari ya Marekani) dhidi ya Gutnick (mfanyabiashara wa Australia), iliamua kwamba kashfa imetokea pale iliposomwa, hata kama kompyuta iliyoihifadhi iko Marekani. Vizuri. Lakini mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria inayozizuia mahakama zake kutekeleza hukumu za kashfa za nje zisizofikia kinga ya uhuru wa kusema ya huko. Unaweza kushinda kwenu ukabaki na karatasi. Ingawa karatasi hiyo nayo ina kazi yake: mwenye injini ya utafutaji aliyekataa neno lako anaweza kuisikiliza hukumu.

Bundi_wa_Saa_Nane #8

Wakili msomi, na ile haki ya kusahauliwa ya Ulaya?

Wakili_Bila_Joho #9

Ipo, na wengi hawaielewi. Bwana mmoja wa Hispania, Mario Costeja González, alitangazwa gazetini mwaka 1998 kwamba mali yake inapigwa mnada kwa deni la hifadhi ya jamii. Deni likaisha. Zaidi ya miaka kumi baadaye, jina lake likiandikwa Google, tangazo linatokea. Tarehe 13 Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikampa haki. Lakini tazameni alichopewa: gazeti halikuguswa, tangazo likabaki kwenye hifadhi yake. Kilichokatwa ni uzi kati ya jina na ukurasa. Ukitafuta kwa maneno mengine unaupata. Na mwaka 2019 mahakama hiyohiyo ikasema Google halazimiki kuuondoa duniani kote, inatosha kwenye matoleo ya nchi za Umoja.

Kumbukeni pia kwamba habari ya Costeja ilikuwa ya kweli. Hoja ilikuwa kwamba imepitwa na wakati. Hilo ni jambo lingine kabisa na kashfa.

Na mtu aliyetaka asahauliwe sasa yumo kwenye vitabu vya sheria vya dunia nzima.

Mzee_wa_Maktaba #10

> *Jiwe_Gizani: lisemwalo lipo, kama halipo laja.*

Shikamooni walionizidi, wengine hamjambo.

Nataka nimtetee Jiwe kidogo, kisha nimpinge. Msemo huo ulizaliwa mahali ambapo msemaji anajulikana. Neno likipita kijijini, unajua limetoka kwa nani, ana ugomvi na nani, jana alisema nini. Ulikuwa na namna ya kulipima. Mtandaoni unaletewa neno bila mdomo uliolitoa. Halafu unalipima kwa kipimo kilekile.

Na neno la uongo lina miguu. Watafiti watatu walichapisha kwenye jarida la Science mwaka 2018 uchunguzi wa habari kama 126,000 zilizopita Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa kusambazwa kwa asilimia 70 zaidi ya za kweli, na ukweli ulichukua karibu mara sita ya muda kuwafikia watu 1,500. Waliosambaza hasa walikuwa watu, si roboti.

Lakini nililokuja kulisema ni hili, Karatasi_Kavu, kwa sababu umesema una ripoti ya mkaguzi na unadhani inatosha. Mwaka 1994 wanasaikolojia wawili, Johnson na Seifert, waliwapa watu habari ya ghala lililoungua. Mwanzoni waliambiwa kulikuwa na kabati lenye rangi za mafuta na mitungi ya gesi. Baadaye wakaambiwa: samahani, kabati lilikuwa tupu. Watu walikumbuka vizuri sana kwamba limesahihishwa. Walipoulizwa kwa nini moshi ulikuwa mzito, wakajibu: rangi za mafuta. Kwa nini? Kwa sababu kabati likiwa tupu, moto unabaki bila sababu, na akili haipendi pengo, inarudi kwenye sababu iliyoijua kwanza. Walipopewa sababu nyingine, kwamba kuna dalili za mtu aliyechoma makusudi, ndipo wengi wakaiacha ile ya kwanza.

Wewe umekuwa ukisema "sikuiba". Hilo ni kabati tupu. Msikilizaji anabaki anajiuliza: sasa pesa zilikuwa wapi miezi minne? Sema kinachojaza pengo: mtia saini alifariki, benki ikazuia akaunti, tukabadilisha watia saini, ikafunguliwa tarehe fulani, wote wakalipwa. Wala neno "wizi" usilitaje. Kwenye posti yako ya kwanza hapa umeeleza hivyo, na ndiyo maana sote tumekuelewa kwa aya moja.

Karatasi_Kavu #11

Mzee wangu, marahaba ningekuwa mkubwa, shikamoo. Miaka minane sikuwahi kuliona hilo. Nimeangalia zile komenti zangu kumi na nne za blogu. Kumi na mbili zinaanza na "Mimi si mwizi".

Fundi_Jina #12

Mkuu njoo inboksi, tunasafisha majina kwa siku 7, matokeo ya uhakika, tumesafisha viongozi wakubwa.

Mhariri_Mstaafu #13

Usiende inboksi.

Hakuna mwenye ufunguo wa uhakika wa kurasa za watu wengine. Wanaofanya kazi halali wanafanya yaleyale niliyoeleza #5, pamoja na kukusaidia kujenga kurasa zako nyingine, na hawaahidi siku. Wanaoahidi siku, baadhi hutumia hila: wanadai kwa uongo kwamba habari ile imeibwa kutoka kwao, wanapeleka notisi ya hakimiliki. Maombi mengi ya namna hiyo huhifadhiwa kwenye kanzidata ya umma iitwayo Lumen, ambako yeyote anaweza kuyasoma. Hapo utakuwa umechapisha kashfa yako mara ya pili kwa hela yako. Ikiwa picha uliipiga mwenyewe, dai la hakimiliki juu ya picha ni lako kwa haki. La maandishi si lako.

Na wapo wabaya kuliko hao, anayechafua na anayetoza ada ya kusafisha wakiwa kampuni moja. Mwaka 2018 jimbo la California liliwashtaki wenye tovuti moja iliyochapisha picha za watu waliokamatwa na polisi kisha kudai malipo ya kuziondoa. Kati ya mashtaka: kudai pesa kwa vitisho.

Nilikosea_Pia #14

Nimesoma uzi huu tangu jana bila kuandika. Akaunti hii nimeifungua leo.

Mimi niko upande wa pili. Niliwahi kumwandika mtu. Sitaeleza alikuwa nani wala nini. Niliamini ni kweli siku ile, nilikuwa nimeumia, na nilipopata "pole" mia mbili nilijisikia nimepona. Baada ya mwezi nikagundua nilikosea. Nikafuta. Nikajiambia nimefanya jambo la kiungwana.

Karatasi_Kavu ameandika kwamba yule bwana alifuta "kimyakimya, bila kusema neno", na nimelirudia hilo fungu labda mara kumi. Nilifuta kwa ajili yangu mimi. Skrinshoti zilibaki, na mimi mtu pekee ambaye neno lake lingezivunja nguvu nikawa nimeondoka chumbani.

Kwa hiyo swali kwako mleta uzi, na si la kujitetea: yule bwana uliwahi kumwomba aandike? Mimi sikuwahi kuombwa. Nadhani ningeombwa kwa upole ningeandika. Nadhani. Kuanza mwenyewe nilishindwa.

Karatasi_Kavu #15

Sikuwahi kumwomba. Nilitaka akumbuke mwenyewe.

Nimekaa na simu hapa nusu saa.

Bundi_wa_Saa_Nane #16

Karatasi ukimwandikia, usimwombe "msamaha". Mwombe taarifa. Sentensi tatu tu, jina lake, tarehe, kwamba alilipwa na kwamba alichoandika hakikuwa sahihi. Msamaha watu wanauogopa, taarifa wanaitoa. Na wewe #14, andika yako.

Nilikosea_Pia #17

Nimeshaanza. Nimefuta mara nne.

Mama_Masomo #18

Kuhusu usaili, nina jambo moja. Mimi sasa natangulia. Mzazi mpya akija, kabla hajaondoka namwambia: ukitafuta jina langu utakutana na jambo la zamani, lilikuwa hivi na likaisha hivi, ukiwa na swali niulize. Sekunde ishirini, bila machozi. Mwanzo nilihisi najivua nguo. Wawili waliondoka. Wengine walibaki, na waliobaki hakuna aliyerudi baadaye na uso wa kuninyooshea kidole. Usaili ni kitu kingine, najua, lakini hatua ya mwisho wanapoomba vyeti halisi nadhani ndipo pa kusema. Mapema mno unajichoma, ukichelewa watakuwa wameshaona.

Mzee_wa_Maktaba #19

Na ujenge kurasa nyingine zenye jina lako, kwa polepole. Wasifu wa kazi, makala za fani yako, picha za shughuli halisi. Si kwa ajili ya kuficha. Mtu anayetafuta jina lako apate mtu mzima, si tukio moja. Injini haiwezi kuonyesha kisichokuwepo.

Karatasi_Kavu #20

Wakuu, wiki tano zimepita, nimerudi na mrejesho.

Nilimwandikia mwenye blogu kwa mtindo wa Mhariri. Aya nne, ripoti ya mkaguzi, barua ya benki, na machaguo matatu. Siku tisa kimya. Nikamkumbusha kwa mstari mmoja. Akajibu kwa maneno haya tu: "Sawa, nimeongeza maelezo na kutoa jina la tatu." Kichwa cha habari hakukigusa. Nimemwandikia tena kuhusu kichwa, na kuhusu ile alama. Sijapata jibu. Zile komenti zangu kumi na nne nilimwomba azitoe, hizo alizitoa siku hiyohiyo. Nadhani zilimchosha kuliko mimi.

Fomu ya Google nimeijaza, matokeo sasa yanaonyesha maneno mapya. Ukurasa bado uko wa pili, zamani ulikuwa wa kwanza. Wa kwanza ni wasifu wangu wa kazi, ambao nilikuwa sijaugusa miaka sita.

Yule bwana nilimpigia, sikumwandikia. Alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Nilijua iko siku utapiga." Ameandika sentensi tano badala ya tatu, ya nne na ya tano anajieleza, nimeziacha. Tarehe moja amekosea.

Binti nilimwonyesha ripoti ya mkaguzi. Akaisoma yote, hata kurasa za majedwali. Kazi yake ya shule alipata 17 kati ya 20, akakatwa tatu kwa mwandiko.

Chura_wa_Kisima #21

Kambi naivunja. Hongera mkuu.

Jiwe_Gizani #22

Karatasi, nimesoma yote. Nilitaka kufuta komenti yangu ya #3, nimeifungua mara mbili leo. Nimeona imenukuliwa kwenye #6 na #10, kule siwezi kuigusa.

Karatasi_Kavu #23

Iache. Ongeza maelezo juu yake, uweke na tarehe.